Harufu ya Watasema

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Nyasubi alimfunga mbwa wake nyuma ya choo, mbali na watu, kwa sababu ananuka. Alikuwa amemwogesha, akamwogesha tena, akamnunulia hata ile sabuni ya watoto wachanga, na mbwa akitoka kwenye beseni ananukia vizuri mpaka atakapokauka. Akikauka tu, harufu inarudi pale pale. Nilimsikia jirani akilalamika, nikachukua fimbo yangu nikaenda. Sikuuliza maswali mengi. Nilimshika yule mbwa kichwa, nikainua sikio lake, nikaingiza pua yangu. Watoto wa pale walicheka mpaka wakakaa chini, bikizee mzima ananusa sikio la mbwa! Waache wacheke. Nilimwambia mama yao aache kummwagia mnyama maji kichwani, nikamwonyesha la kufanya, kisha nikarudi kwangu nikafunga mlango. Nilikaa kitandani hadi adhuhuri bila hamu ya kula wala ya kuzungumza na mtu.

Unanijua, rafiki yangu, mimi si mtu wa kulialia. Nina mdomo mkali na watu wananikwepa, na nusu ya mambo wanayonisema ni kweli. Lakini ngoja nikusimulie habari ya mbwa wa kwanza niliyemnusa sikio, na jinsi nilivyochelewa kulinusa.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi, siku zile nani aliandika? Zilikuwa enzi za Mwingereza, dhahabu ilipoanza kuvuma upande wa Geita na wanaume wakawa wanaondoka na sururu mabegani kama wanaokwenda harusini. Tuliishi mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Ushirombo, upande wa machweo, mimi na bibi yangu mzaa baba. Mama sikumjua, alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba naye aliondoka na wenzake kwenda kuchimba, akamwambia bibi asihame pale kwa lolote lile, atatukuta hapo hapo.

Nasema asihame kwa sababu wenzetu wote walikuwa wanahama. Serikali ilisema mbung'o wameenea, ugonjwa wa malale utatumaliza, kila mtu asogee karibu na misheni kwenye mashamba yaliyopimwa, na huku kwetu paachwe pawe pori. Watu walitoka nyumba moja baada ya nyingine, na kuku kwenye matenga na mikeka imekunjwa. Msichana niliyekuwa nikicheza naye kila siku aliondoka amebeba kinu kichwani. Kinu kilikuwa kizito, hakuweza kugeuza shingo, kwa hiyo hakunitazama wakati wa kuagana. Nilimsindikiza nyuma nyuma mpaka mtoni nikitazama visigino vyake tu.

Baada ya hapo tulibaki peke yetu. Nyasi ziliota milangoni mwa majirani. Mwanzoni nilikuwa naingia kwenye nyumba zao kutafuta vitu walivyosahau, nikapata mwiko, kipande cha mkeka, shanga moja. Baadaye niliogopa kuingia. Bibi akitaka kumwambia mtu jambo aliniambia mimi, na mimi nikitaka kumwambia mtu jambo sikuwa na mtu, maana bibi hakuwa mtu wa mazungumzo. Mtama ulipokomaa nilikaa kwenye dungu kutwa nzima nikifukuza ndege, na nakwambia ilifika mahali nikawa nawapigia ndege kelele za habari. Nawaeleza nimekula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, mbuzi mdogo ameumia mguu, bibi leo kanuna. Wanaruka, wanatua shamba la pili, nami nawafuata huko na habari zangu.

Aliyenisikiliza ni mbwa. Baba alimnunua kwa mwindaji mmoja baada ya kufiwa na mke, na watu wakamsema sana, kwamba badala ya kutafuta mwanamke wa kulea mtoto amenunua mbwa. Basi akampa jina Watasema. Sasa wa kusema walikuwa wamehamia misheni, jina limebaki halina kazi. Alikuwa mwekundu wa udongo, mwembamba, na sikio lake la kushoto liliraruliwa na nyani shambani, likapona likiwa limekunjika na kulala, limeziba tundu. Likikunjuliwa linarudi lenyewe. Mimi nililipenda kuliko lile zima, nilikuwa nalishika wakati wa kulala hadi usingizi unichukue.

Tulilala wote ndani ya msonge mmoja. Bibi kwenye kitanda chake cha miti, mimi kwenye mkeka, mbuzi watatu upande wao, kuku kwenye tenga, na Watasema mlangoni. Hakuna kiumbe aliyelala nje. Tangu watu waondoke, chui walikuwa wanapita uani kama wenye mji. Kabla mzee wa nyumba ya mwisho hajahama, chui alimchukulia mbwa mchana kweupe, na mzee yule alikuwa amekaa hatua kumi kutoka pale.

Mvua za kwanza zilipoanza, Watasema akaanza kunuka. Mbwa yeyote akilowa ananuka, hilo tulilijua. Lakini hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa kama maziwa yaliyooza kwenye chombo, na chini yake kitu kama samaki mkavu aliyenyeshewa. Ilijaa nyumbani, ikaingia kwenye mkeka wangu na kwenye nguo ya bibi ya kwenda kanisani. Ugali wa mtama ukiwa bado una mvuke, ukiinama kumega unakutana na Watasema kwanza. Bibi alikuwa akila amegeukia ukuta.

Na bibi yangu hakuwa mtu wa kuvumilia harufu. Yeye na babu walihama na ng'ombe wao kutoka upande wa Mhunze, Wasukuma waliokulia kwenye maziwa, na walipofika huku kwa Wasumbwa mbung'o wakawamaliza ng'ombe wote. Babu naye akafa. Lakini vibuyu vya maziwa bibi hakuvitupa. Vilining'inia sita juu ya kitanda chake, na kila wiki alivishusha akavioshea maji ya moto, akachukua kijiti chenye kaa la moto, cha mti wenye moshi mtamu, akakiingiza ndani na kukizungusha mpaka kibuyu kifukizwe vizuri. Kisha ananusa. Kikiwa safi anakifunga kifuniko, anakitundika. Hapakuwa na tone la maziwa ndani kwa miaka. Nilimuuliza siku moja vya nini, akaniambia kibuyu kisipofukizwa kinaharibika, na alinitazama kama niliyeuliza kwa nini tunanawa.

Kwa hiyo kazi ya kumwondolea Watasema harufu nilipewa mimi, na mimi niliifanya kwa jinsi nilivyojua usafi, yaani maji. Nilimpeleka kisimani nikamsugua kwa mchanga. Nikamsugua kwa majivu. Bibi alitwanga utupa, majani yale yanayoua viroboto na kulewesha samaki, nikamkosha nayo hadi maji yakawa na povu la kijani. Nilichota kwa kata nikammiminia utosini, kwa sababu alipenda maji yakimteremka kichwani, au mimi niliona anapenda. Siku mbili tatu ananukia majani. Siku ya nne amerudi yule yule, na kila safari amezidi kidogo.

Nikamfukiza kama kibuyu. Usinicheke. Niliweka kigae chenye makaa na vijiti vya bibi, nikamsimamisha Watasema juu yake, nikamfunika ngozi ya mbuzi. Alikohoa, akatoka mbio na ngozi mgongoni, akazunguka nyumba, na bibi aliyekuwa anapepeta mtama akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu majirani waondoke. Jioni Watasema alinuka vilevile, ila sasa na moshi.

Siku zote hizo alikuwa anatikisa kichwa, anajikuna kwa mguu wa nyuma, anatembea amekiinamisha kichwa upande mmoja. Tulimwona. Tukasema ni viroboto, tukamwosha tena.

Siku moja akaja mwalimu wa dini kutoka misheni. Alikuwa kijana mpole, kanzu yake imelowa mpaka magotini, ametumwa kumshawishi bibi ahame.

"Shikamoo, bibi," alisema mlangoni.

"Marahaba, mwalimu. Ingia ndani baba, mvua hii itakuua."

Bibi alichinja kuku. Sisi tuliokuwa tukila mlenda na kunde, alichinja kuku, na alimpika taratibu na karanga, na nyumba nzima ikachangamka kwa ajili ya mgeni. Mwalimu akaeleza habari za mashamba mapya, zahanati, watoto wanaojifunza kusoma. Bibi akamjibu jibu lake lilelile, kwamba mwanawe akirudi akute magofu, atamtafuta wapi mama yake? Chakula kikaletwa. Mwalimu alimega tonge moja, la pili likamshinda. Akasema, "Bibi, samahani, naomba nile hapa nje kidogo, humu ndani kuna joto." Mvua ilikuwa inanyesha. Alikwenda akasimama chini ya ukingo wa paa, akala kuku wake huku maji yakimchuruzika mgongoni, na sisi ndani tunamtazama Watasema.

Alipoondoka bibi hakupiga kelele, na ndiyo maana niliogopa. Alisema, "Mtu wa kwanza kuingia kwangu tangu mavuno, amekula kwenye mvua." Halafu akasema mwezi ukiandama na mbwa bado ananuka, atalala nje.

"Bibi, chui," nikasema.

"Nimekwisha sema, mayu." Ndivyo alivyoniita, yaani mama, kwa Kisukuma chake, akiwa hana hasira na mimi.

Basi nikamwogesha asubuhi na jioni. Nilimwogesha mpaka ngozi ikawa nyekundu. Nilimwambia kisimani kila kitu, kwamba tafadhali usinuke, ukilala nje utaliwa nami nitabaki na mbuzi. Alinilamba uso. Mwezi ukaandama, mwembamba juu ya pori, na siku ile alinuka kuliko siku zote.

Bibi hakuwa mkatili, sitaki umfikirie hivyo. Alimtengenezea mahali chini ya ghala, penye kugusana na ukuta wa nyumba, upande ule ule wa mkeka wangu, akamziba kwa matawi ya miiba. Lakini mlango ulifungwa, Watasema akaukwaruza, akalia, kisha akanyamaza, nami nikamwomba bibi amwingize. Akakataa. Kila jioni nilimwomba, na kila jioni alikataa, na sikuacha kuomba.

Kilichoniwezesha kulala ni tundu. Nilichukua kijiti nikatoboa udongo wa ukuta karibu na kichwa changu, tundu dogo la kuingia kidole, likatokea pale pale alipojikunja. Sikuweza kumwona, lakini nilimnusa. Harufu ile iliyomtoa mwalimu nje ilikuwa inaingia kwangu kwa tundu lile, na mimi nikiweka pua hapo najua yupo, mzima, hajachukuliwa. Nikiamka naweka pua. Yupo. Nalala tena. Nilikuwa namchukia kwa kunuka mchana kutwa, kisha giza likiingia naombea anuke.

Asubuhi moja bibi alinipa kibuyu nikioshe. Nilikisugua tumbo, nikasugua, nikamrudishia, akanusa akanirudishia. Nikasugua tena. Akanirudishia. Mara ya tatu akanipokonya. "Unasugua tumbo la nini? Tumbo liko wazi, linapata hewa. Angalia hapa shingoni, palipojikunja, maji yamelala ndani. Hapa ndipo panapooza." Akaingiza kijiti penye kikunjo akatoa uchafu mweusi, akaniwekea chini ya pua.

Ilikuwa ni Watasema yule. Siyo kama Watasema, ni yeye hasa.

Nilikimbia nikamshika kichwa, nikakunjua lile sikio la kushoto nililokuwa nikilishika kila siku nikisinzia, nikalinusa ndani. Nilitapika pale pale. Nikamwita bibi. Alikuja akifuta mikono, akainama yeye mwenyewe na pua yake ya vibuyu, akanusa, akabaki ameinama hivyo kitambo. Mle ndani palikuwa na mbegu za nyasi zenye ncha, kupe waliokufa, na tope jeusi lililolowa. Miezi yote ile tulikuwa tunammwagia maji kisimani, yanaingia chini ya kikunjo, hayatoki. Tulikuwa tunaumwagilia ule uozo kama mche wa tumbaku, asubuhi na jioni.

"Tumemtesa bure," bibi alisema. Alisema "tumemtesa", hakusema "umemtesa", na mimi nilimshukuru moyoni kwa neno hilo.

Tulimfunga mdomo kwa ukanda. Bibi aliketi chini akamweka kichwa mapajani, yeye ambaye hakuwahi kumgusa, akachovya unyoya wa kuku kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akasafisha polepole, unyoya baada ya unyoya. Mbwa alitetemeka lakini hakupigana. Kisha akamkausha kwa pamba mpaka pamba ikatoka nyeupe, akamtia asali kidogo ya msituni, ile aliyokuwa akiweka kwenye vidonda vyetu, na akakiinua kile kikunjo akakifunga juu kwa uzi ili hewa ipite. Akaniambia Watasema asiguse maji tena, hata mvua.

Nikamwambia basi sasa aingie ndani. Akasema bado. Asali inaita siafu, na siafu wakiingia nyumbani watatula sisi na mbuzi. Atalala pale pale chini ya ghala mpaka sikio likauke na asali iishe kazi yake. Akamzungushia majivu pale alipolala ili siafu wasimfikie, mduara mpana, na kila jioni aliunyunyiza upya. Nikaendelea kuomba kila jioni, naye akaendelea kunihesabia siafu.

Siku zile zilikuwa nzuri. Watasema alirudi kutembea kichwa wima. Bibi alianza kuongea, kwanza na mbwa, halafu na mimi. Alinisimulia habari za ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja, na yupi alikuwa na maziwa mazito. Na kwenye tundu langu la ukutani harufu ilikuwa inapungua. Ilikuwa kali, ikawa ya wastani, ikawa lazima nivute pumzi kwa nguvu ili niipate. Nilifurahi ikipungua, na nilihangaika pia, maana ilibidi niweke pua muda mrefu zaidi ndipo niwe na hakika kwamba yupo.

Jioni moja bibi alimnusa sikio, akanusa tena, akacheka. Pamba ilitoka kavu. Akasema leo hatamtia asali, kesho atamfuta iliyobaki, na kesho Watasema atalala ndani. Nilirukaruka uani. Nilikwenda nikamweleza mwenyewe, nikamkumbatia, nikamfungia miiba yake, nikaingia ndani nikala, nikalala. Hiyo ndiyo jioni pekee ambayo sikumwomba bibi amwingize. Niliona ya nini, si kesho?

Niliamka kabla ya jogoo, nikaweka pua kwenye tundu. Hakuna kitu. Nikavuta pumzi kwa nguvu zangu zote, nikapata udongo mbichi na majivu, basi. Nikatabasamu gizani. Nikajisemea, amepona, amekwisha kabisa. Nikageuka upande wa pili nikalala usingizi mzuri kuliko wote niliolala tangu baba aondoke.

Kulipokucha matawi ya miiba yalikuwa yamesukumwa pembeni. Hapakuwa na damu nyingi. Kwenye majivu ya bibi palikuwa na nyayo za chui, zimechorwa vizuri, ameingia na ametoka, na alipotoka majivu yalikuwa yameburutwa. Nilifuata ule mburuto mpaka kwenye nyasi, bibi akanishika mkono akanirudisha. Alichukua ufagio akafagia yale majivu mpaka pakawa peupe.

Siku ile ile alivishusha vibuyu. Nilidhani atavifukiza. Alivitoa nje vyote sita, akavipanga chini ya ghala, akaviacha hapo. Wiki haikuisha tukawa njiani kwenda misheni, mimi mbele na mbuzi, yeye nyuma na mzigo. Kumbe alikuwa ananing'ang'aniza pale kwa ajili ya baba, na baada ya Watasema akashindwa kuning'ang'aniza tena.

Baba alirudi baada ya misimu miwili ya mvua, amekonda, bila dhahabu. Wala hakuhangaika kututafuta. Mtu wa kwanza aliyemuuliza barabarani alimnyooshea kidole nyumba yetu. Alituamkia, akakaa, akanywa maji, halafu akauliza, "Na Watasema yuko wapi?" Bibi akamjibu bila kupepesa macho, "Alizeeka, mwanangu. Alikufa kwa uzee." Baba akatikisa kichwa, akasema alikuwa mbwa mzuri. Mimi nilikuwa nachambua mchicha, nikaendelea kuchambua.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeolewa, nilipanda gari la mizigo likanipitisha karibu na mahali pale. Pori hakuna. Ni mahindi na mihogo mpaka macho yanachoka, watu wamejaa, na mwanamke niliyemuuliza kuhusu chui alidhani namtania. Hakuna ghala, hakuna kisima chetu, hakuna hata kifusi cha msonge. Nilishuka nikasimama kidogo nikijaribu kupata hata harufu ya pale, nikapata ya mavumbi na ya dizeli. Nakumbuka vizuri moshi wa vibuyu. Nakumbuka michembe inavyonukia ikichemka. Ile ya Watasema, niliyopigana nayo msimu mzima nikashinda, nimeitafuta kichwani mwangu siku zote hizi na siipati.

Bibi aliishi mpaka akawa haoni. Siku zake za mwisho nilikuwa namwogesha na kumlisha mimi, na siku moja, mchana, nikimkausha nyuma ya masikio, alinishika mkono. Hatukuwahi kuzungumzia jambo lile hata mara moja. Akaniambia, "Jioni ile nilikuwa nakusubiri uniombe. Moyo wangu ulikuwa umekwisha kulegea. Ungeomba ningemwingiza. Mbona siku ile hukuomba, mayu?"

Nilimwambia siku ile nilikuwa na furaha, nikasahau. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo, na mpaka leo sijapata lingine.